Barua kwa mwanangu: Nani anawatazama sasa hivi?

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, na leo asubuhi nikaurudia. Umeniuliza: "Mama, likizo hii ya msimu wa joto tutakuwa watu wazima wanane na watoto watano, na bwawa lenyewe si kubwa. Mbona bado una wasiwasi? Si tukiwa wengi ndiyo watoto wanakuwa salama zaidi?" Nimeona swali hili halifai kujibiwa kwa mistari miwili ya simu.

Wasiwasi wangu unatokana na huo wingi wenu.

Ulipokuwa na miaka minne nusura ufe maji. Unajua kwamba uliwahi kuanguka bwawani, ila yote sikuwahi kukusimulia. Tulikuwa jamaa tisa, jua kali, watu wanacheka, nami namenya tunda hatua chache tu kutoka majini. Baba yako alidhani uko nami. Mimi nilidhani uko na shangazi yako, maana muda mfupi kabla alikuwa amekupakata. Kilichonigutusha ni ndala zako. Zilikuwa ukingoni, zimepangwa vizuri moja kando ya nyingine, na wewe hupo. Niliponyanyuka nikakuona majini umesimama wima, kichwa kimelalia nyuma, mdomo unatokeza na kuzama, macho yamekodoka. Hukupiga kelele wala hukurusha maji. Binamu yako alikuwa akiogelea karibu nawe kabisa na hakujua lolote.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mara nyingi mtu huzama hivyo. Mdomo ukipata nafasi juu ya maji huitumia kuvuta pumzi, hakuna hewa ya kuitia mtu. Mikono nayo hukandamiza maji ili mwili uinuke, haiwezi kupunga. Mtoto mdogo anaweza kutoweka chini katika muda usiotimia dakika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Nikisoma hesabu hiyo naziona zile ndala.

Basi nakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: kila dakika ambayo mtoto yuko majini, au karibu na maji, awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina kwamba zamu ni yake. Awe anajua kuogelea. Zamu isizidi dakika 15 au 20, kwa sababu macho huchoka upesi kuliko tunavyofikiri. Avae kofia maalumu, na anayempokea aivae mbele ya macho yake na aseme kwa sauti, "Nimepokea." Mwenye kofia hagusi simu, hanywi pombe, hasogoi. Akibanwa na haja, amkabidhi mwingine kwanza. Watu watawaona mnakuza mambo. Waacheni waone hivyo.

Wale watoto wawili wasiojua kuogelea, mtu mzima awe nao majini, umbali wa kunyoosha mkono na kumshika. Maboya ya kupuliza ni ya kuchezea tu, usiyategemee. Mkimaliza, toeni midoli yote bwawani, isije ikamwita mtoto arudi peke yake. Na siku mtoto asipoonekana, anzeni kumtafuta majini, kisha ndipo mwende vyumbani na kwenye miti.

Kabla ya safari, angalau wawili wenu mkajifunze huduma ya kwanza kwa mkufunzi. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo akitolewa hapumui huanzwa kwa kupuliziwa pumzi, kisha kifua kikandamizwe mara 30 kwa pumzi 2, bila kuacha, huku mwingine akiita msaada. Na akizinduka akabaki anakohoa, anahema kwa shida au analala ovyo, apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa. Wewe ulisema uko sawa.

Kosa lile lile la "nilidhani uko naye" ndilo humwacha mtoto garini. Mnafika na mizigo, kila mtu anabeba chake, na aliyesinzia kiti cha nyuma hana wa kumsemea. Gari lililoegeshwa juani linaweza kupanda nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na kufungua dirisha kidogo hakusaidii sana. Mwili wa mtoto nao hupata joto upesi kuliko wetu. Weka mkoba wako pembeni yake huko nyuma, ili usiweze kushuka bila kugeuka.

Mengine unayajua: kivuli kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, mafuta ya kujikinga na jua yapakwe upya kila baada ya saa mbili na kila mtokapo majini, chakula kilichopikwa kisikae nje kwenye joto kali zaidi ya saa moja. Mtu akianza kuchanganya maneno au kupepesuka kwa joto, usimwambie apumzike tu. Iteni msaada, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji na kumpepea. Asipokuwa na fahamu timamu msimnyweshe kitu.

Kichanga chako cha miezi minne kisipewe maji, hata wakikusema. Kinyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe unywe. Kikae kivulini, ila usifunike kitoroli chake kwa khanga, kwani ndani hewa hukwama na joto hupanda.

Nami nitakuja. Kiu yangu siku hizi inachelewa kusema, na dawa za presha zinanipeleka chooni mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya safari nitamuuliza daktari ninywe maji kiasi gani. Mjukuu wangu mkubwa mpe kazi ya kuniletea kikombe.

Kwenye karatasi ya zamu niandikie ya kwanza ya asubuhi, jua likiwa bado dogo. Usihofu. Baada ya siku ile nilikwenda kujifunza kuogelea, nikiwa na miaka 36, darasani na watoto wa watu, na hadi leo naogelea kila wiki. Kofia nitaileta mimi.

Mama yako