Mchapishaji Anajuaje Kitabu Kitauzika?

SWALI: Mhariri, mswada wangu wa riwaya kuhusu wavuvi wa dagaa umekataliwa kwa madai kwamba "hauna soko". Mchapishaji anajuaje? – Msomaji, Kirumba, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, hajui, anakisia, ijapokuwa kwa uzoefu. Anachokijua kwa hakika ni gharama za karatasi na uchapaji, na kwamba kitabu cha kiada kina mnunuzi ilhali riwaya humsubiri dukani. Jirani yako Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, lakini ilichapishwa takriban miaka 35 baadaye, baada ya yeye mwenyewe kuitafsiri kwa Kiswahili, na leo wataalamu wa fasihi wanaienzi. Muulize mchapishaji wako kama alisoma mswada wote (wengi huishia sura ya kwanza), kisha upeleke kwingine.