Mfupa wa Kale Ulioguswa na Wengi: Ushauri kwa Wachimbaji

Tangu nianze kazi ya kuchimba na kutunza mabaki ya kale hapa Kigoma, vijana huniuliza kama mfupa ulioshikwa na watu wengi bado unafaa kwa uchunguzi wa vinasaba. Unafaa, ila kazi yake huwa ngumu na ya gharama, na sehemu kubwa ya ugumu huo huanzia shimoni, mikononi mwetu.

Bakteria na ukungu ndio wenye vinasaba vingi zaidi katika mfupa uliokaa ardhini, lakini kuvitenga si shida kubwa, kwa kuwa si vya binadamu. Mwenye kuleta taabu ni mchimbaji, ambaye vinasaba vyake vinakaribia kulingana na vya marehemu. Nimeshuhudia tone la jasho likidondoka kutoka puani mwa mchimbaji hodari, na fuvu kavu likalinywa kabla hajainua kitambaa. Kwa hiyo vaeni barakoa na glavu mara fuvu linapoanza kuonekana, badilisheni glavu kila mnapojigusa usoni, na msiuoshe mfupa wala kuupaka gundi. Uhifadhiwe mkavu na penye ubaridi, kwani joto hukatakata vinasaba, na masika ya huku kwetu huotesha ukungu ndani ya mfuko wa plastiki. Kila aliyeugusa akubali kutoa mate yake, ili maabara iwe na cha kulinganisha.

Ikiwa umekwisha kuchafuka, msiutupe. Mwaka 1985 mtafiti Svante Pääbo alitangaza kupata DNA, yaani vinasaba, katika maiti iliyokaushwa ya Misri, na baadaye ikaonekana kwamba yaelekea ilikuwa ya watu wa sasa. Leo tunazo njia bora za kutofautisha. Uso wa mfupa hukwanguliwa, unga wake huweza kuoshwa kwa klorini iliyozimuliwa, kisha husomwa vile vipande vifupi vya vinasaba ambavyo ncha zake zimeharibika, yaani sitosini, mojawapo ya herufi nne za vinasaba, imegeuka na kusomwa kama thaimini, herufi nyingine. Uharibifu huo hutokana na umri, na jasho la jana halina. Kwa njia hiyo watafiti walisoma vinasaba vya mabaki ya watu wa kale kutoka pango la Sima de los Huesos, Hispania, yenye miaka kama 430,000.

Msidhani nchi za joto hazina bahati. Mwaka 2022 zilitangazwa DNA za kale kutoka Mlambalasi, Iringa, na Kisese, Kondoa.

Sehemu ya kuombea sampuli ni mfupa mgumu unaolizunguka sikio la ndani, ambao hutunza vinasaba kuliko mingine mingi. Kabla haujatobolewa, upigwe picha na kupimwa, na utobolewe wa upande mmoja tu. Nasisitiza hili kwa moyo wote: wa upande wa pili ubaki mzima nchini, kwa ajili ya mbinu zitakazokuja.