Barua kwa mwanangu: kadi ipi uchukue

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Huku Columbus hatujambo, baba yako anakusalimu sana.

Umeniuliza uchukue kadi ipi ya mkopo: ile inayorudisha asilimia 2 kwa kila unachonunua, bila ada ya mwaka, au Blue Cash Preferred ya American Express, inayorudisha asilimia 6 kwa vyakula vya supamaketi lakini inatoza dola 95 kwa mwaka. Ukaongeza kuwa mwenzako kazini anakushawishi uchukue ya pointi za ndege ili Desemba uende Tanga bure.

Chukua ya asilimia 2. Lakini sitaki uitikie tu kwa kuwa mama kasema. Nataka ujue hesabu yake, uweze kuipiga mwenyewe siku ada na viwango vikibadilika.

Fungua taarifa za akaunti yako za miezi mitatu iliyopita, uandike pesa zilikwenda wapi. Usikisie. Ile asilimia 6 ni ya supamaketi za Marekani tu, tena kwa dola 6,000 za mwanzo katika mwaka. Zikiisha hizo, inashuka mpaka asilimia 1. Mtu anayenunua vyakula vya dola 400 kwa mwezi anafikisha 4,800 kwa mwaka. Anarudishiwa 288, anatoa ada, anabaki na 193. Kadi ya asilimia 2 ingempa 96. Kwa mtu huyo, ya ada inashinda.

Wewe si mtu huyo. Mchele na mafuta unanunua Costco, lile duka la jumla la wanachama, vitu vya nyumbani Walmart, lile duka kubwa la kila kitu, nyama kwenye bucha la halali. American Express haizihesabu Walmart na Costco kuwa supamaketi, na Costco za Marekani hazipokei kadi yake kabisa. Tangu 2016 kadi ya mkopo wanayoipokea ni Visa tu. Na bucha je? Hapo kinachoamua ni namna duka lilivyoandikishwa kwenye mtandao wa malipo, si kile ulichobeba kwenye mfuko. Unaweza kununua kilo kumi za nyama ukapewa asilimia 1 tu, na hakuna wa kumlalamikia. Usipofikisha kama dola 200 kwa mwezi kwenye supamaketi inayohesabika, kadi isiyo na ada ndiyo inayokulipa zaidi.

Hata kati ya hizo za asilimia 2, tazama kama ni Visa au Mastercard. Kadi ya Active Cash ya benki ya Wells Fargo ni Visa, Double Cash ya benki ya Citi ni Mastercard. Kwako wewe unayejaza gari vitu vya Costco, hilo limekwisha: Active Cash.

Sasa pointi za ndege. Mwenzako hasemi uongo. Pointi za kadi ya Sapphire Preferred ya benki ya Chase unaweza kuzihamishia shirika la ndege la United, na kwa kuwa Ethiopian Airlines nayo iko pamoja na United katika Star Alliance, umoja wa mashirika ya ndege, zikakufikisha Dar kupitia Addis Ababa. Ila viti vya pointi ni vichache, na Desemba ndipo kila mtu anarudi nyumbani. Kodi za tiketi utalipa mfukoni vilevile. Na ile zawadi kubwa ya kukaribishwa wanaipa sharti: utumie maelfu ya dola ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Hapo ndipo watu wanapoanza kununua makochi ambayo hawakuyahitaji. Ukiwa na matumizi makubwa uliyokwisha kuyapanga na pesa yake iko tayari, nitakuwa wa kwanza kukwambia uichukue.

Ninalotaka ulishike zaidi ya aina ya kadi ni deni. Riba ya asilimia 24 kwa mwaka ni kama asilimia 2 kwa mwezi. Ukibaki na deni la dola 2,000 mwezi mmoja, wanakukata kama dola 40, yaani sawasawa na zile 40 walizokurudishia kwa kununua vitu vya dola 2,000. Mwezi wa pili unawalipa wewe. Tena ukishaacha deni, kwa kawaida muda wa kutotozwa riba unaondoka, na kila unachonunua kinaanza kuhesabiwa riba siku hiyohiyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inazilazimu kampuni za kadi zikupe bili angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa, na ziandike kwenye kisanduku ndani ya bili utachukua muda gani kumaliza deni ukilipa kiwango cha chini tu. Soma kile kisanduku mara moja, hutakisahau. Kisha ingia kwenye programu ya benki, weka malipo yajilipe yenyewe kila mwezi, na uchague salio lote la bili. Wapo ndugu zetu msikitini wasiogusa kadi hizi kwa sababu ya riba, nami nawaheshimu. Sisi sharti letu ni kulipa yote, tusitoe riba hata senti.

Atakayekwambia uache deni kidogo ili ujenge alama za mkopo, ile namba ambayo benki zinaitazama kupima kama wewe ni mlipaji mzuri, usimsikilize. Alama za FICO, aina moja ya alama hizo, zinajengwa kwanza na kulipa kwa wakati, asilimia 35, halafu na kiasi unachodaiwa, asilimia 30. Anayelipa yote anajenga alama bila kumlipa mtu.

Pesa za bibi usitume kwa kadi ya mkopo, hata programu ya kutuma ikikuruhusu. Benki inaweza kuihesabu kuwa umechukua mkopo wa fedha taslimu: ada yake mara nyingi ni asilimia 5 au dola 10, kubwa kati ya hizo, riba inaanza hapohapo, na hurudishiwi kitu. Tuma kutoka akaunti yako. Kodi ya nyumba vivyo hivyo: wakitoza asilimia 3 kwa kulipia kadi, umetoa tatu upate mbili.

Mafuta ya gari na manunuzi ya mtandaoni, hayo weka kwenye kadi ya mkopo kuliko ile inayokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti yako. Akiiba mtu namba, sheria inakuwekea kikomo cha hasara cha dola 50, na wakati wanachunguza, pesa yako ya kodi ya nyumba haijaguswa.

Ukienda Tanga, jua kwamba Active Cash na Double Cash zote zinatoza asilimia 3 nje ya Marekani, kwa hiyo kila ukiitoa unapoteza. Benki ya Capital One hawatozi. Kadi yao ya Quicksilver inarudisha asilimia 1.5 na haina ada ya mwaka, inafaa kuwa ya pili baadaye. Mashine ya hotelini ikikuuliza dola au shilingi, bonyeza shilingi. Sokoni na kwenye daladala ni taslimu na M-Pesa kama kawaida.

Nitumie hizo taarifa za miezi mitatu ukimaliza kuziandika, tuzipitie pamoja Jumapili kwenye simu kabla hujaomba kadi.

Mama yako