Karakana ya Wasomaji: Tindo iliyomeguka, nondo isiyokubali ugumu

Swali: Nimefua tindo kwa kipande cha springi ya gari. Niliichoma ikawa rangi ya chungwa inayokaribia njano, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Pigo la pili ncha ikameguka, na ndani paling'aa punjepunje kama sukari. Je, feleji ilikuwa mbovu?

Jibu: Feleji haina kosa, umeikosea moto mara mbili na maji mara moja. Hizo punje ndizo ushahidi.

Springi nyingi zina kaboni ya takriban asilimia 0.6. Feleji ikiwa imepoa polepole, sehemu kubwa ya kaboni hiyo imo kwenye matabaka membamba ya sementaiti (chuma kilichoungana na kaboni), ambayo ni ngumu, yakipishana na feraiti (chuma karibu kitupu), ambayo ni laini. Mpangilio huo ndio pealaiti. Ukipita nyuzi 727 za Selsiasi, chuma huanza kujipanga upya kuwa austenaiti, na kaboni huyeyukia humo kama chumvi kwenye maji, ingawa chuma chenyewe hakijayeyuka. Kikipoa taratibu, pealaiti hurudi. Kikipozwa ghafla, kaboni hukosa muda wa kutoka, hunaswa, na chuma hugeuka martensaiti: ngumu kiasi kwamba tupa huteleza juu yake, lakini hupasuka kama kioo.

Wewe ulifika nyuzi 1,000 au zaidi. Kwenye moto huo punje za austenaiti hunenepa, na punje nene huupa ufa njia ya mkato. Kisha maji: martensaiti huchukua nafasi kubwa kuliko austenaiti iliyoizaa, kwa hiyo ngozi ya nje hukakamaa kwanza, halafu moyo unatanuka na kuichana. Manganizi au kromi iliyomo kwenye springi huchelewesha pealaiti kurudi, hivyo mafuta, yanayopoza polepole kuliko maji, yanatosha kabisa. Kosa la mwisho, hukuipasha tena kwa moto mdogo baada ya kuizamisha, ili ipunguze wepesi wa kupasuka.

Inaokoleka. Saga ncha mpaka usione ufa. Ipashe hadi sumaku iache kuishika, ongeza moto kidogo, iache ipoe kwenye hewa tulivu. Rudia mara tatu, punje zitakuwa ndogo. Sasa ipashe tena vivyo hivyo, kivulini maana juani rangi ya moto hudanganya, na uzamishe sentimita tatu za ncha kwenye mafuta yenye joto la nyuzi 50 hadi 60. Chombo kiwe cha chuma na kifuniko kiwe karibu, kwani mafuta hushika moto. Ichezeshe juu na chini, la sivyo ufa unaweza kuanzia pale mafuta yanapoishia.

Jaribu kwa tupa: ikiteleza, ugumu umeingia. Ing'arishe kwa msasa, kisha ipashe taratibu kutoka upande wa mpini. Itapita rangi ya majani makavu (karibu 220), kahawia (255), halafu zambarau (275). Zambarau ikifika kwenye ncha, izamishe isiendelee. Ikiwa buluu, imeshalegea kuliko unavyotaka kwa tindo ya kukatia chuma. Kichwa kinachopigwa nyundo usikikakamaze kamwe; vipande vyake huruka machoni.

Swali: Nondo ya kujengea nimeizamisha hata kwenye maji ya chumvi, bado tupa inaila. Kwa nini?

Jibu: Ugumu wa martensaiti unatokana na kaboni iliyonaswa, na nondo nyingi hazifiki hata asilimia 0.3. Hakuna maji yatakayoongeza kisichokuwemo. Tafuta springi au tupa kuukuu.

Swali: Nikikakamaza jioni, naweza kuipasha tena kesho?

Jibu: Usingoje. Mvutano umefungiwa ndani, na kifaa kinaweza kupasuka chenyewe mezani usiku. Ipashe mara tu inaposhikika kwa mkono mtupu. Kama rangi hazikupi uhakika, tumia oveni: nyuzi 200 kwa saa moja huondoa sehemu kubwa ya hatari, na rangi ya zambarau utaimalizia asubuhi.