Kisu cha laki tano na sumaku ya sokoni

Swali: Assalamu alaykum, fundi. Mimi ni nahodha wa boti ya wageni Nungwi, karibu kila siku nakwenda Mnemba. Kisu hakinitoki mfukoni: mara kamba imejizonga kwenye propela, mara samaki wa kupasua, mara nanasi la wageni. Sasa kuna mgeni anarudi kwao, ananiuzia kisu chake cha kukunja, kidogo, hata kiganja hakijai, kimetengenezwa Marekani. Bapa limeandikwa S30V, mpini ni wa titaniamu, na kwenye ekseli, yaani pini ambapo bapa linazungukia, mna beringi, ukikigusa tu kinafunguka. Anataka laki tano, na anaapa kuwa ni stenlesi, hakitashika kutu maisha. Nilipomwonyesha fundi mmoja mjini, alikisogezea sumaku, ikanasa, akasema hii si stenlesi, ni chuma cha kawaida kilichong'arishwa. Nikinunue au niache?

Jibu: Waalaykumu salaam, nahodha. Kiache. Lakini usikiache kwa sababu ya sumaku, maana ukiiamini sumaku leo ukaacha kisu, kesho utaiamini tena ukanunua takataka.

Sumaku hii imenichosha. Haipiti wiki bila mtu kuja kwangu amenuna, mkononi ana kisu kizuri kabisa ambacho mjuzi wa sokoni ameshakihukumu. Chanzo cha kosa ni kijiko. Vijiko vizuri na masinki mengi ya stenlesi hutengenezwa kwa chuma chenye kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8. Nikeli ndiyo inayokifanya kisivutwe na sumaku, na ndiyo hiyohiyo inayokifanya kisikubali kutiwa ugumu kwa moto. Kipashe mpaka kiwe chekundu, kizamishe majini, kitatoka laini vilevile. Ndiyo maana hakuna anayechinja kuku kwa kijiko. Chuma cha kisu ni ukoo mwingine: nikeli karibu hamna, kaboni ipo ya kutosha, kinapashwa kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, kisha kinapozwa haraka hadi kiweze kushika makali. Chuma cha namna hiyo kinanasa sumaku hata ukijaze kromiamu. Victorinox ya Uswisi inanasa. Visu vya jikoni vya Kijapani vya stenlesi vinanasa. Sumaku iliponasa kisu cha mgeni wako ilisema jambo moja tu, kwamba mle ndani mna chuma. Ukiondoa vichache vya wapiga mbizi, kisu kisichonasa kabisa ndicho cha kukiuliza maswali.

Sasa kosa la pili, na hili huyo fundi na mgeni wako wanalo sawasawa ingawa wanabishana. Wote wawili wanaamini kwamba ikishakuwa stenlesi, basi haishiki kutu. Haipo hiyo. Kinachokilinda chuma hiki ni utando wa kromiamu na oksijeni, mwembamba hata hauonekani. Ukiukwaruza, hewa huurudisha. Chumvi huutoboa. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 kwa lita, na pale inapotoboa haitandazi kutu juu kama kwenye panga la shamba. Inachimba vishimo kama ncha ya sindano. Na kisu cha kukunja kinachoshinda mfukoni ndicho kinachoteswa kuliko vyote, kwa sababu jasho, maji ya bahari na nyuzi za nguo vinajikusanya pale bapa linapolala na kwenye ekseli. Hewa haifiki huko, utando ukitoboka haurudi. Nje kinang'aa, ndani kinaliwa.

Tuje kwenye S30V yako. Si chuma kibaya hata kidogo. Kwa mtu wa ofisini anayefungua maboksi ningemwambia chukua upesi. Kina kaboni asilimia 1.45, kromiamu 14 na vanadiamu, metali nyingine ya kuongeza ugumu, 4. Hesabu ya kromiamu inapendeza, lakini kaboni ni mwizi: wakati wa kupashwa inajishikamanisha na sehemu ya kromiamu kuwa chembe ngumu, na kromiamu iliyokwisha kushikwa haijengi utando. Makali yanadumu, ulinzi unapungua. Kwa bahari ya kila siku ulinzi huo hautoshi bila matunzo ya kila siku, na wewe ukirudi jioni umechoka, sikudanganyi kwamba utakiosha.

Ndiyo maana nawakatalia pia wanaonunua kwa kusoma asilimia ya kromiamu peke yake. Kuna chuma kiitwacho MagnaCut, alichokibuni mtaalamu wa vyuma wa Marekani, Larrin Thomas, kikatoka mwaka 2021. Kromiamu yake haifiki hata asilimia 11, na bado kinaishinda S30V kwa kustahimili chumvi, kwa kuwa kaboni yake imeachiwa vanadiamu na metali mwenzake niobiamu, na kromiamu karibu yote imebaki huru. Upande wa pili kuna D2, yenye kromiamu 12 na kaboni 1.5, wanaiuza kwa jina la stenlesi. Ipeleke Mnemba wiki moja uone.

Mpini wa titaniamu nao una mtego wake. Titaniamu yenyewe bahari haiigusi, hilo ni kweli. Lakini ukizikutanisha metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi, umetengeneza betri, na anayelipia ni ile dhaifu, yaani bapa lako na skrubu zake. Ghali linamla ghali mwenzake. Beringi ndizo mbaya zaidi. Zile gololi ndogo ni raha mkononi mwa mtu aliyekaa kwenye kochi. Mchanga wetu wa matumbawe, mwembamba kama unga, ukiingia humo kisu kinaanza kusaga kama kinu. Ekseli yenye wosha mbili za shaba haina mbwembwe, ila unaifungua kwa bisibisi, unafuta, unarudisha.

Kwa kazi uliyoitaja, tafuta kisu cha kukunja chenye mpini wa plastiki ngumu na bapa la H1 au LC200N. Hizi zimepunguziwa kaboni, nafasi yake ikachukuliwa na nitrojeni, ambayo haimuibii kromiamu mtu. H1 ina kaboni asilimia 0.15 tu. Kampuni ya Spyderco imevitoa, katika toleo lao waliloliita Salt, na humo kimo kidogo chenye uzito wa gramu thelathini na kitu. Makali ya H1 hayakai sana, nakwambia mapema usije ukanilaumu, kwa hiyo chukua lenye meno kama msumeno: kamba ya nailoni iliyojikaza kwenye propela inakatwa na meno hata yakiwa yamechoka. Na kama mgeni anaomba laki tano kwa sababu ya jina tu, kumbuka pia kwamba visu vya majina makubwa vinaigwa sana, mpaka herufi za S30V zinachorwa kwenye chuma ambacho hata mchoraji hakijui.

Samaki mpasulie kwa kisu kisichokunjwa. Damu na magamba kwenye ekseli ni balaa. Wahunzi wetu wanaofua visu kwa springi za gari wanakutosha kwa hilo. Vinashika kutu, lakini kutu unayoiona asubuhi unaifuta asubuhi, na mhunzi hakuwahi kukuapia vinginevyo.

Kuosha ni dakika moja. Angalia maji tu, kwani visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, na hayo umeondoa chumvi kwa chumvi. Kikombe cha maji ya kunywa kinatosha. Kifungue kisu, kitikise ndani, kifute, kiache wazi kipigwe upepo, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli. Mafuta ya nazi hayadhuru bapa. Ila kwenye ekseli yanashika mchanga.

Nimalize na wanaowaharibia watu mali, maana visu vingi vinavyofika mezani kwangu havikuuliwa na bahari. Wa kwanza ni wenye kuloweka kisu kwenye jiki ili kutu "itoke". Jiki ina klorini. Utando unatobolewa kwa usiku mmoja, na vishimo vilivyokuwa vitatu vinakuwa thelathini. Wa pili wanasugua kwa stiliwaya ya masufuria; vipande vyake vidogo vya chuma vinabaki vimejichoma kwenye bapa, vinashika kutu vyenyewe, na mwenye kisu anadhani ni kisu.

Wa tatu ni vijana wa grenda. Cheche zinaruka, watoto wanashangilia, kisu kinakata nywele za mkono, elfu moja, haya mwingine. Makali ya kisu ni membamba, joto halina pa kukimbilia. Chuma cha kawaida kinageuka buluu kikikaribia nyuzi 300, na stenlesi inachelewa zaidi kubadilika rangi, kwa hiyo ukiona buluu kwenye stenlesi ujue moto umepita kiasi kitambo. Ugumu uliotiwa kiwandani umeshafunguliwa. Kuchovya kwenye ndoo baada ya hapo ni kumpa maiti dawa. Kisu kinakata siku mbili, kinapinda makali, kinarudishwa kwenye grenda. Kikiletwa kwangu, ile buluu siwezi kuinoa. Naisaga yote kwa jiwe la maji, polepole, mpaka nifike kwenye chuma kilicho hai, na bapa la mwaka jana linarudi kwa mwenyewe limekuwa jembamba kama lililonolewa miaka kumi.