Barua kwa mwanangu: Usiing'oe kahawa kwa sababu tunakunywa chai

Mwanangu,

Salamu. Umeuliza kama ile nusu ekari ya kahawa ing'olewe ipandwe maparachichi, kwa kuwa Kenya ni nchi ya chai na kahawa yenyewe hakuna anayeinywa nyumbani. Usiing'oe. Tangu wamishonari Wafaransa waipande Bura, Taita, mwaka 1893, kahawa yetu imekuwa ya kuuzwa ng'ambo, kwa hiyo chai ya jikoni haiamui bei yake. Hasara ya chai iko kwingine: mkulima asiyeonja zao lake hajui limeharibikia wapi. Nitalirudia hilo.

Miti hiyo ni SL28, aina ya miaka ya 1930. Inavumilia kiangazi, na ladha yake ndiyo iliyoipa kahawa ya Kenya jina. Ubaya wake ni chulebuni, ule ugonjwa unaotia matunda mabichi madoa meusi yaliyobonyea, na kutu ya majani. Chulebuni hupenda baridi na mvua, na hushambulia hasa tunda changa linalokua upesi. Dawa ya shaba hutangulia mvua na hurudiwa kwa ratiba. Anayepiga mara mbili kisha akaacha katikati anaweza kuumia kuliko asiyepiga kabisa.

Badala ya kung'oa, badilisha mti juu ya mizizi ileile. Baada ya mavuno makuu, kabla ya mvua za masika, kata shina sentimita 30 hivi kutoka ardhini, kwa mkato wa mshazari ili maji yasituame. Acha shina moja la zamani liupumulie mti mpaka machipukizi yashike. Yakichipuka, bakiza mawili au matatu yenye nguvu yaliyo mbalimbali. Yakifikia unene wa penseli, bebesha kikonyo, yaani kipande cha tawi, cha aina ya Ruiru 11 (ilitolewa 1985) au Batian (2010), ambazo zinahimili magonjwa yote mawili. Pasua chipukizi katikati sentimita tatu au nne, chonga kikonyo mithili ya kabari, kiingize ganda liguse ganda, funga kwa utepe wa nailoni, kisha kifunike kwa mfuko wa plastiki. Makosa ni matatu: kisu butu, mfuko kuondolewa ghafla kwenye jua kali, na uvivu wa kung'oa machipukizi ya SL28 chini ya kiungo. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi. Ukiyaacha, baada ya mwaka una SL28 tena, na Batian yako imekufa kivulini.

Ukitaka kujaza mapengo, chimba mashimo ya sentimita 60 kila upande miezi mitatu kabla ya mvua, urudishe udongo wa juu uliochanganywa na debe la samadi iliyooza. Ruiru 11 ni fupi, mita mbili kwa mbili zinaitosha. Batian ni ndefu, ipe mita 2.75.

Pesa nyingi lakini hupotelea kwenye kikapu. Chuma mekundu tu, ukirudia mti kila siku 10 hadi 14. Mabichi na yaliyokaukia mtini yatenge juu ya gunia kabla ya kupima. Hayo huitwa mbuni, kahawa inayokaushwa na ganda lake, na yana bei yake ya chini. Mekundu yafikishe kiwandani siku hiyohiyo. Tunda lililolala kwenye gunia huanza kuchacha likiwa na ganda, na hakuna usafishaji utakaoondoa harufu hiyo.

Sasa lile la kuonja. Tenga kilo saba za matunda, zitakupa karibu kilo moja ya buni safi. Menya, loweka kwenye ndoo usiku kucha, na asubuhi sugua punje kiganjani: zikikwaruza kama changarawe, ute umeisha, suuza. Zikiteleza bado, subiri. Zianike kwenye wavu ulioinuliwa, siku 8 hadi 14, ukizigeuza, na uzifunike adhuhuri na usiku, kwani jua la saa sita hupasua ganda. Twanga kidogo kwenye kinu, pepeta kwa ungo, kaanga kwenye sufuria nzito ukikoroga bila kupumzika dakika 10 hadi 15. Utasikia mlio kama bisi. Dakika moja baadaye epua, poza upesi kwa ungo, na uiache hadi kesho.

Isage, gramu 10 kwa kikombe, uinywe bila maziwa wala sukari, najua itakukera. Ladha ya nyasi inamaanisha ulichuma mabichi. Uchachu wa siki, uliloweka kupita kiasi. Harufu ya udongo wenye ukungu, ulikausha polepole mno au uliipanga nene. Iwe na uchachu mtamu kama wa zambarau, peleka matunda yako kiwandani, kisha jitengenezee chai.

Mama