Rekodi ya frikiki Uingereza, na mpira unaopaa
Umeuliza nani ana mabao mengi ya frikiki (mpira wa adhabu) Ligi Kuu ya Uingereza, na kwa nini mpira wako unavuka ukuta lakini unapita juu ya mtambaa panya. Ni David Beckham, mabao 18. James Ward-Prowse anamfuata kwa 17. Ila kwangu fundi wao wote ni Mbrazili Juninho Pernambucano: kati ya mabao yake 100 akiwa klabu ya Lyon ya Ufaransa, 44 ni frikiki!

Mpira wako unapaa kwa sababu unauchota chini huku umeegemea nyuma, hivyo unazunguka kinyumenyume na kuchelewa kushuka. Inamisha kifua mbele. Kwa mtindo wa Juninho, gonga katikati kabisa, kifundo kikiwa kimekazwa, na usimamishe mguu mara tu baada ya kugonga. Mpira usiozunguka huyumba, kipa akapotea.